Mshipa Uliochanika Wenyewe

Mpendwa Baba Amoding,

Nakuandikia mchana, kivuli cha nyumba kikiwa kifupi, mtoto amelala mgongoni kwa mama yako. Mtoto huyu humjui. Ulipoondoka alikuwa tumboni, nawe ulikuwa umeanza kumwita "mgeni." Ni mvulana. Ana masikio yako, yale yaliyosimama kama yanasikiliza mlangoni.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyooana nayo. Mimi sikujua Kiteso, na Kisamia chako kilikuwa maneno machache, yote ya matusi. Barua hii naiacha wazi, bila bahasha. Katekista ameniahidi kuwasomea watu wa nyumbani wakitaka. Mengi yamesemwa pembeni hapa Molo ya Tororo tangu tukuzike, na mimi nimechoka na pembeni.

Kesho asubuhi nitafanya jambo ambalo ndugu yako Okware amenikataza. Nitambeba mtoto wako nimpeleke kwa baba yako mdogo, mzee Okiru, ili amtajie majina ya waliotangulia hadi apate lake. Watu wanasema mdomo wa mzee huyo ndio uliokuua. Kabla sijaenda nataka tukumbushane jinsi ilivyokuwa, wewe na mimi, kwa sababu wewe ulikuwepo na huwezi kudanganywa.

Unakumbuka soko la Busia, upande wetu? Uhuru wa Uganda ulikuwa umeshaingia, wa Kenya ulikuwa bado njiani, na watu walikuwa ndio kwanza wanajifunza kusema "hapa kwetu" na "kule kwenu." Mimi na mama yangu tulikuwa tunauza samaki wa kukaushwa. Wewe ulikuja na gunia la wimbi nyuma ya baiskeli, vumbi hadi kwenye nyusi, ukasimama mbele ya samaki wetu muda mrefu kama mtu anayesoma.

"Hii samaki yako iko na macho mbaya," ulisema.

"Ni samaki mkavu, baba. Wewe ukianikwa juani wiki nzima utakuwa na macho gani?"

Mama yangu alicheka hadi akashika mbavu. Ulinunua. Soko lililofuata ukarudi, ukasema macho ilikuwa mbaya lakini tumbo imefurahi. Ukarudi tena, na tena, mpaka mama akaniambia, "Huyu mtu wa Uganda hali samaki wote hao. Muulize anataka nini." Nilikuuliza. Ulishika kengele ya baiskeli ukaipiga, hilo likawa jibu lako.

Nakumbuka vitu vidogo. Wengine wanasema ni udhaifu, kwamba mjane anapaswa kukumbuka shamba na ng'ombe. Mimi nakumbuka ulivyokuwa unakunja suruali mguu mmoja tu, ule wa upande wa mnyororo, na ukiingia kanisani unasahau kuukunjua. Nakumbuka tulipokuwa tunatoka kwetu Busia kuja Tororo, mimi nyuma kwenye keria, ulivyokuwa unageuza kichwa kunitazama kila unaposema jambo, hata nikakukemea, "Tazama njia, utatuua." Ulisema mtu hawezi kuongea na nyuma ya mtu. Nilimuuliza daktari habari ya kugeuza kichwa. Nitafika huko.

Nilipofika kwenu nikiwa bibi harusi, jambo la kwanza ulilonifundisha lilikuwa chungu. Kiteso kilikuja baadaye. Kwetu watu humimina pombe wakanywa kila mtu na chombo chake. Kwenu ajono, pombe ya wimbi, hukaa katika chungu kimoja katikati, na watu wamekizunguka, kila mmoja na mrija mrefu kama fimbo ya mchungaji. Uliniambia: usichungulie ndani. Usipulize. Usipige chafya ukiwa na mrija mdomoni. Na mrija ushike kwa mkono wa kulia, siku zote, hata kama mkono huo una kidonda. Nikakuuliza, "Wa kushoto una nini?" Ukanijibu kwa sauti ya chini, hukuwa unatania: "Anayeshika na kushoto anawaambia wenzake kwamba iko na kitu kibaya kwa moyo. Kama si sumu, ni chuki." Niliushika mrija kwa mkono wa kulia, kwa nguvu hadi vidole vikauma, na wazee wakanicheka, na baba yako mdogo Okiru akasema, "Mwacheni, anaogopa samaki itamponyoka."

Alinipenda mzee yule. Baba yako alipofariki yeye ndiye aliyekulea, na Amoding alipozaliwa yeye ndiye aliyetaja majina. Haya nayaandika ili yasisahauliwe na wanaoamua kusahau.

Sasa nifike kwenye shingo.

Ulikuwa msimu wa pamba. Tulikuwa tumetoka kumtembelea mama yangu, tunarudi taratibu, mwamba wa Tororo umeshaonekana mbele yetu. Hukuwa na mzigo. Hukuanguka, hukugonga kitu, hakuna aliyekugusa. Ulikuwa unanisimulia habari za mwalimu mmoja aliyefukuzwa na bata, na katikati ya neno ukanyamaza. Ukashuka. Ukaweka mkono shingoni upande wa kushoto, chini ya taya.

"Kitu imenikata hapa," ulisema.

Nilitazama. Hapakuwa na alama wala uvimbe, wala mdudu. Tukapumzika kidogo. Kichwa nacho kikaanza kuuma, upande huo huo, nyuma ya jicho. Kisha ukainua uso ukauliza, "Treni inapita?"

"Hakuna treni."

"Mimi naisikia. Iko inapumua."

Nilisikiliza. Reli ilikuwa mbali, na kulikuwa kimya, hata ndege walikuwa kimya. Ulishika sikio la kushoto ukasema treni iko humo ndani, inakwenda pamoja na moyo: inapumua, inapumua. Nilicheka, Baba Amoding, maana ulisema kwa namna ya kuchekesha. Lakini nilikataa kupanda tena. Tulimaliza njia tukisukuma baiskeli.

Nilikukanda kwa mafuta ya moto siku ile na zilizofuata. Ulinunua aspirini dukani. Maumivu yakapungua, yakarudi, yakapungua. Asubuhi moja ulitoka nje kunawa uso, na kope ya jicho la kushoto ilikuwa imeshuka nusu kama pazia lililokatika kamba. Mama yako alikuwa anaanika wimbi juani. Alikutazama, akanitazama mimi.

"Mwambie mume wako aache kukukonyeza mbele yangu. Mimi si mtoto mwenzenu."

"Sikonyezi, mama," ulisema. "Jicho iko na usingizi."

"Basi ipeleke ikalale. Hapa kuna kazi."

Ulinigeukia ukanikonyeza kweli kwa jicho lile jingine, na mimi nikaficha uso kwenye leso. Lakini nilipokaribia kukutilia maji niliona mboni ya jicho lile la usingizi. Ilikuwa ndogo kuliko ya pili, ndogo kama punje ya wimbi. Kwenye mwanga mmoja, uso mmoja, macho mawili yalikuwa yanatazama kama ya watu wawili. Nilikuambia twende hospitali Tororo. Ulisema baada ya kupeleka pamba. Mtu yeyote angesema hivyo. Ulikuwa unatembea, unakula, unatania. Shingo inayouma ni shingo inayouma.

Wimbi ile aliyokuwa anaianika mama yako ndiyo iliyotengeneza chungu cha mzee Okiru. Naomba wanaosomewa walishike hilo.

Siku ya chungu tulikwenda wote. Wanaume walikuwa wamemaliza kumsaidia mzee kuvuna, na hiyo ndiyo ilikuwa shukrani yake. Jua lilikuwa bado juu. Mimi nilikaa na wanawake karibu na mlango wa jiko, nikiwa nakuona ubavuni. Mrija ulikuponyoka. Ukauokota. Ukaponyoka tena, na mtu akasema kitu cha kuchekesha juu ya mke anayemchosha mume. Kisha nikaona ukiutazama mkono wako wa kulia, uliokuwa umelala pajani kama kitu ulichoazimwa. Ukachukua mrija kwa mkono wa kushoto. Ukauweka mdomoni. Ukanywa.

Wenzako wote wakaondoa mirija midomoni.

"Etyang," mzee Okiru alisema, "huo mkono unatafuta nani?"

Ulitabasamu. "Hii ingine imelala, baba."

"Imelala! Chungu bado imejaa na wewe mkono imeshalala?"

"Ni mke ya Busia imemharibu," Okware alisema. "Huko wanakunywa na mkono yoyote, hata na mguu."

Watu wakacheka, na kicheko kile kiliwasaidia kupumua. "Kuku!" wakapiga kelele. "Alete kuku ya faini!" Uliinua mkono huo huo wa kushoto kukubali, na hilo likawaudhi tena. Ndipo mzee Okiru, aliyekuwa mwenye chungu na mwenye kuvunjiwa heshima, akasema lile neno. Alilisema kwa utani wa hasira, kama mzee anavyomsema mtoto aliyemlea mwenyewe:

"Basi kama mkono ya kulia imekataa kazi, iacheni ilale. Ilale kabisa! Isiamke tena!"

Walicheka sana. Nawe ulicheka. Lakini kutoka pale nilipokaa niliona kwamba ulicheka kwa upande mmoja tu wa mdomo. Upande wa pili ulibaki umekaa, hauna habari.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani kiatu chako cha kulia kilikuwa kinachora mstari kwenye vumbi. Watu nyuma yetu walisema umelewa. Wewe, uliyekunywa mara ile moja.

Kulipokucha hukuweza kusema. Maneno yote yalikuwa yamekwisha isipokuwa salamu ya kwenu, "yoga." Nilikuletea maji ukasema "yoga." Nilikufunika ukasema "yoga." Ulishika kichwa machozi yakatoka, na ukasema "yoga," na macho yako yalijua kwamba si hilo neno ulilotaka. Majirani walikuja kukujulia hali. Wakaingia wakasema "yoga," nawe ukawajibu vizuri kabisa, "yoga," wakatoka nje wakisema, "Huyu hana neno, anaongea, ni uchovu wa pamba." Niliwafuata hadi uani nikawaambia msidanganyike, haongei. Wakanihurumia mimi.

Tulikupeleka Tororo juu ya lori la pamba. Nilikaa juu ya magunia, kichwa chako mapajani mwangu, na mkono wako wa kulia nilikuwa nimeushika maana ulikuwa unateleza kila lori linaporuka. Ulikuwa na joto. Ulikuwa na uzito wa mtu aliyelala. Mwamba ulikuwa unakuja, unakuja, mkubwa kuliko siku zote, na nilitamani usifike. Hospitalini walifanya walichoweza. Kichwa kilikuwa kinavimba kwa ndani, walisema. Ulifariki asubuhi wakati wanafagia wodi. Neno la mwisho nililolisikia kwako ni lile lile la kusalimia watu.

Kulikuwa na daktari kijana, mpole, anayejua Kiswahili. Alituita mimi na Okware akasema hajaona mwanamume mwenye umri wako akienda namna hiyo, na akaomba ruhusa aangalie shingo kabla ya kutukabidhi mwili. Okware alikataa. Mimi nikasema nataka kujua, na mwisho Okware akageukia dirisha akasema, "Haya."

Baadaye alituita tena. Alichukua koti lake lililoning'inia msumarini akageuza mkono wake ndani nje.

"Mshipa mkubwa wa damu shingoni ni kama mkono wa koti," alisema. "Kuna kitambaa cha nje na kuna bitana. Umewahi kuvaa koti lenye bitana iliyochanika? Mkono unaingia kati ya bitana na koti, unakwama. Bitana ya mshipa wake wa kushoto ilichanika. Damu ikaingia mahali pasipo pake, ikavimba humo, ikaganda. Donge likapanda kwenye ubongo, upande ule unaotawala mkono wa kulia na maneno."

"Nani alimpiga?" Okware aliuliza.

"Hakuna dalili ya kupigwa."

"Alikula nini?"

"Si chakula."

"Basi ni nini?"

"Wakati mwingine mshipa unachanika wenyewe tu. Kwa mtu mzima, mwenye nguvu zake. Sababu hatuioni."

Hapo nikamuuliza habari ya baiskeli, na kunitazama kwako nyuma. Alirudisha koti msumarini. Alisema watu hugeuza shingo kila siku ya maisha yao, na hawezi kuniambia kwamba ni hilo, na nisilibebe. Kisha akaniuliza maumivu yalianza lini. Nikamweleza shingo, na treni, na kope, na mboni. Alikuwa anatikisa kichwa kukubali kwa kila moja, kama mtu anayesikia habari za kijiji anachokijua. Nyuzi ndogo zinazoinua kope zinapita ubavuni mwa mshipa ule, alisema. Kope iliposhuka, mshipa ulikuwa umeshachanika. Tulikuwa tunatazama na hatukujua tunatazama nini. Hakuna ambaye angejua.

Tulikuzika. Na watu walipoanza kutawanyika, Okware alibaki na vijana wenye mapanga na kamba. Walitaka kwenda kuangusha nyumba ya mzee Okiru na kumfukuza avuke mpaka. Ukoo ukakaa. Mzee mwenyewe alikuwepo, ameketi chini si kwenye kiti.

"Mlisikia wote," Okware alisema. "Alisema mkono ilale, isiamke. Mkono ikalala. Nani hapa hakusikia?"

Hakuna aliyesema hakusikia. Hata mimi nilisikia. Nikasimama.

"Shemeji, naomba kusema."

"Mtu ya Busia, kaa chini."

"Nimetoka Busia, ndiyo. Lakini shingo ile nilikuwa naikanda mimi. Wewe uliikanda?"

Mtu mmoja nyuma alicheka akajizuia. Nikawaeleza kama nilivyokueleza wewe hapa. Nikasema mshipa ulichanika njiani, hakuna mtu. Nikasema mrija haukwenda mkono wa kushoto kwa dharau. Mkono wa kulia ulikuwa unakufa mbele yenu nanyi mkautoza kuku. Na neno la mzee lilikuja baada ya ugonjwa. Neno haliwezi kurudi nyuma likamkamata mtu njiani siku ambayo halijasemwa. Okware akasema hayo ni maneno ya daktari na daktari hajui mambo ya hapa. Watu wakaanza kunong'ona. Ndipo mama yako, ambaye tangu kaburini hakuwa amefungua mdomo, akasema bila kuinuka:

"Jicho mimi niliona. Nilimgombeza mtoto yangu kwa jicho hiyo. Na wimbi ya hiyo chungu ilikuwa bado inakauka juani. Ni mimi nilikuwa naianika."

Hawakuangusha nyumba. Hilo ndilo tulilolipata, mimi na mama yako. Usidhani tulipata zaidi ya hilo. Hakuna aliyekaa tena kwenye chungu cha mzee. Akipita njiani akina mama wanawafunika watoto. Na yeye mwenyewe, huyo aliyekuwa na mdomo wa kuchekesha msiba, ameacha kusema. Akisalimiwa anainua mkono. Akitaka chumvi dukani anaionyesha kwa kidole.

Alikuja hapa mara moja tu, wakati tumbo langu limeshakuwa kubwa. Alisimama mbali, kiganja kikiwa karibu na midomo.

"Mke ya mtoto yangu, ile neno niliisema mimi."

"Baba, mshipa ulikuwa umeshachanika."

"Wewe uliona ndani?"

"Daktari aliona."

"Daktari aliona mahali imechanika. Aliona nani anachana?"

"Alisema wenyewe tu, baba. Hakuna mtu."

"Mimi nimezeeka," alisema. "Sijaona kitu inachanika yenyewe tu, bila mtu." Akaenda zake.

Nikuambie jambo, ingawa wengine watasomewa. Daktari yule alinipa kitu kinachotisha kuliko laana. Laana ina mwenyewe. Unaweza kumwendea, kumlilia, kumpelekea mbuzi, kumfukuza. Mshipa unaochanika wenyewe kwenye barabara nyeupe, mchana, mtu akisimulia habari za bata, huo hauna wa kuombwa. Naelewa kwa nini Okware anamtaka mzee awe muuaji. Anataka kuwe na mlango wa kufunga. Mimi kila asubuhi natazama kope za Amoding kabla sijamtazama yeye. Juzi alishika shingo akasema mbu amemuuma, na nikaangusha maharage yote niliyokuwa nayo mikononi.

Sasa mtoto. Ana wiki kadhaa, na hana jina la nyumbani. Unajua inavyofanywa: mama yako anachovya kidole kwenye ajono, anakiweka kwenye midomo ya mtoto, na mkubwa wa nyumba anataja majina ya waliotangulia, moja moja. Jina analolinyonya ndilo lake. Amoding alinyonya haraka hata tukacheka kwamba atakuwa mlevi. Kwa huyu, Okware ndiye aliyetaja, kwa sababu amejifanya mkubwa wa nyumba. Mtoto akageuza uso. Wakajaribu siku nyingine, akatema, akalia hadi akabadilika rangi. Halali vizuri tangu hapo. Watu wanasema jina lake limefungwa ndani ya mdomo wa mzee Okiru, na kwamba mdomo huo ukifunguliwa kwake, mtoto atakufa.

Kwa hiyo wote wanakubaliana juu ya mdomo ule. Mimi tu nilisimama mbele ya ukoo nikasema hauna kitu. Na kama sasa nikimficha mtoto wangu asiufikie, nitakuwa nimesema kwa mikono yangu kile nilichokikataa kwa ulimi. Mzee ataona. Ataelewa kwamba hata mimi naamini. Na hiyo ndiyo siku atakayolala asiamke, huyo aliyekulea, na hapo kweli kutakuwa na mtu aliyemuua.

Nilimwambia Okware. Alisema, "Ukimpeleka kwa yule, funga vitu yako urudi kwa samaki yenu." Simchukii. Alikulilia kuliko wote. Mama yako hakusema ndiyo wala hapana. Lakini asubuhi hii nilimwona anatia ajono kidogo kwenye kibuyu kipya, na anakifunga kwa jani.

Nilipeleka ujumbe kwa mzee. Alirudisha jibu kwamba hataki, hawezi, tusimletee. Tutakwenda hata hivyo. Nitamshika mtoto mimi mwenyewe nimgeuzie uso, na nitamwambia, Baba, taja. Sijui kama sauti itamtoka baada ya ukimya wote huu. Mtoto ana kikohozi tangu jana, kidogo tu, cha watoto. Nimesikiliza kifua chake mara nyingi leo. Nikienda na kikohozi kikazidi, unajua watakavyosema. Nisipokwenda na kikazidi, watasema hivyo hivyo. Najua ninachokijua, nilielezwa kwa koti na bitana, na bado naogopa.

Jambo moja nakuomba, kisha nikuache upumzike, maana mtoto ameamka na mama yako ananiita. Mzee atataja baba zenu kwanza, halafu atakuja kwenye jina lako. Hataweza kuliruka, wewe ni wa waliotangulia sasa. Ukisikia unaitwa kesho asubuhi kwa sauti ile uliyoitika tangu utotoni, tafadhali, Etyang, usiitike wewe. Mwache mtoto aitike.

Lala salama huko.

Mke wako,
Mama Amoding